Karafuu, bandari bubu na bendera yetu: majibu ya maswali yenu

Nina mikarafuu Micheweni, Pemba. Sheria inasema karafuu zote ziuzwe ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Mbona magendo hayakomi?

Ndugu yangu, miaka ya 1970 adhabu ya magendo ya karafuu ilifika hadi kifo, na magunia yalivuka. Tukapata KMKM, kikosi cha kuzuia magendo kwa jina lake lenyewe, na bado mashua zilitoka bandari bubu, zile zisizo rasmi, usiku, upepo wa kusi ukizisukuma kuelekea Shimoni, pwani ya Kenya. Walionunua ng'ambo walilipa zaidi, basi.

Nimekaa jamvini nikichambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kila wingu likitanda unakimbilia kuanua. Aliyepita humo, na mchumaji kashamlipa kwa kila pishi alilochuma, hawezi kufurahia bei ya kituo cha ZSTC iliyo nusu ya bei ya Mombasa. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo, watu walipeleka karafuu vituoni wenyewe. Bei ile ilifanya kazi ambayo boti za doria hazikuiweza.

Kwa hiyo doria ziondolewe?

Hapana. Karafuu ikivuka, fedha za kigeni zinabaki ng'ambo. Ila bei itangulie, doria ifuate.

Ni kweli meli za Iran ziliwahi kupeperusha bendera yetu?

Kweli. Mwaka 2012, Ulaya ilipopiga marufuku mafuta ya Iran, meli zake za mafuta zilipewa bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar, kazi iliyofanywa na wakala aliyeko Dubai. Meli ileile, mafuta yaleyale, jina jipya ubavuni. Mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete kulalamikia hilo. Uchunguzi ukafanywa na meli 36 zikafutwa kwenye daftari. Inaniuma mpaka leo kwamba jina la visiwa vyetu liliuzwa kwa karatasi, mbali kabisa na bandari yetu ya Malindi, Unguja.

Vikwazo vya namna hiyo vinasaidia chochote?

Vinamtia hasara anayewekewa: bima inakuwa taabu, mnunuzi anadai apunguziwe, mafuta yanahamishwa meli kwa meli katikati ya bahari huku chombo cha kuonyesha meli ilipo kimezimwa. Lakini mafuta ya bei nafuu hayakosi mnunuzi, kama karafuu zetu tu. Sisi tuna la kufanya kwenye daftari letu: kabla ya kutoa bendera, msajili amjue mwenye meli ni nani hasa.