Simbilisi anayeburura miguu: usimpe amoksilini

Dada wa Fuoni, umeandika simbilisi wako (guinea pig) ana siku mbili hajala, anaburura miguu ya nyuma, na jirani kakwambia umfungulie kepsuli ya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye maji. Usithubutu. Wa kwanza wangu nilimpa kwa ajili ya kidonda cha shavuni tu. Siku ya tatu akaharisha, ya nne nikamfukia nyuma ya nyumba. Penisilini na jamaa zake, amoksilini ikiwemo, zikimpita mdomoni huua bakteria wazuri wa tumboni, wanaobaki wanatoa sumu. Aliyenipa alikuwa daktari wa mifugo kweli, ila mikono yake imezoea ng'ombe na mbuzi.

Kwa ulivyoeleza, nashuku vitamini C. Mwili wa simbilisi hauitengenezi, sawa na wetu. Wa pili nilikuwa namlisha pumba za kuku na mkate mkavu, nikijiona nimemtunza! Asubuhi moja nilipomnyanyua alilia kama filimbi, magoti yamevimba, manyoya yamesimama. Daktari mwengine alimchoma vitamini C, kisha akaniambia nisiache kumpa mapera.

Pera ndiyo dawa yetu hapa. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200, chungwa haligusi hata nusu ya hapo, na simbilisi mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 tu kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kipande kidogo kila siku kinatosha, na ukoka usikauke mbele yake. Vidonge vya kuyeyusha kwenye chupa ya maji usihangaike navyo, nguvu yake hupotea haraka. Yule wangu baada ya wiki moja alikuwa anapiga kelele akisikia kisu kwenye kibao.

Lakini huyo wako siku mbili hajala, na hilo linanitisha kuliko miguu, maana tumbo la simbilisi likisimama halingoji. Mpeleke kwa daktari leo, amtazame na meno, maana huota maisha yake yote na yakizidi hawezi kutafuna. Njiani mfunike kwa kanga mbichi, jua hili la kaskazi linamuua. Na kabla hujatoka mweke kwenye mizani ya jikoni uandike gramu zake, daktari ataziuliza.