Je, kasala ya nyanya ni ibada ya wafu?

Swali

Baba Mchungaji, ninakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba. Mwezi uliopita tulimzika nyanya yetu, aliyezaliwa Kasai. Usiku wa pili wa kilio shangazi yangu, ambaye amekuwa mshiriki wa Meza ya Bwana kwa miaka mingi, alisimama chini ya turubai akaimba kasala ya marehemu, yaani wimbo wa sifa, kwa Tshiluba, lugha ya kwao Kasai: majina yake ya sifa, ukoo wake, mto wa kwao. Mwishoni alimwomba nyanya awape wajukuu uzazi. Umeme ulikuwa umekatika, nami niliandika nilichoweza katika daftari kwa mwanga wa mshumaa. Mstari wa mto niliupata nusu tu. Mdogo wangu, anayeimba katika kwaya, alimkatiza shangazi akisema anaita pepo, na sasa anadai nilichome daftari kama vitabu vilivyochomwa Efeso katika Matendo 19:19. Je, nimetenda dhambi? Na daftari nilifanyeje?

Jibu

Mama Mwalimu, poleni sana wewe na jamaa yote. Daftari usilichome, ingawa kuna maneno ndani yake ambayo mdogo wako hakukosea kuyaogopa.

Nianze na Efeso, kwa sababu andiko hilo limetumiwa kuchoma vitabu vingi ambavyo halikuvizungumzia. Vitabu vile vilikuwa vya uganga, na Luka anataja hata thamani yake, vipande vya fedha 50,000. Walioviteketeza ni wenyewe waliokuwa wakivitumia, baada ya kuamini na kuungama matendo yao. Paulo hakuingia nyumbani mwa mtu kumnyang'anya daftari. Tena Paulo huyohuyo, sura mbili nyuma, alisimama Athene akawanukulia Waathene mstari wa mshairi Arato, kwamba sisi sote tu wazao wake Mungu. Arato alikuwa ameuandika akimsifu Zeu, mungu wa Wayunani. Paulo aliipokea kweli iliyokuwamo, akamwacha Zeu hukohuko. Calvin, mwalimu wa Matengenezo ya Kanisa, ambaye hakuna atakayemshtaki kwa kulegea juu ya sanamu, alifundisha kwamba kweli ikionekana kwa waandishi wasiomjua Mungu tusiidharau, maana chemchemi yake ni Roho wa Mungu.

Sasa kasala yenyewe. Daudi alipopata habari za kifo cha Sauli na Yonathani aliwatungia wimbo, nao umo katika 2 Samweli 1. Usome siku moja jioni, daftari lako likiwa wazi kando yake. Anawasifu kuwa wepesi kuliko tai na wenye nguvu kuliko simba. Anataja upinde wa mmoja na upanga wa mwingine. Anailaani milima ya Gilboa walikoangukia. Kisha anamgeukia rafiki yake aliyekufa na kusema naye ana kwa ana, akimwita ndugu yangu Yonathani. Mtu wa Kasai akiusikia wimbo huo atakwambia bila kusita kwamba hiyo ni kasala. Na Daudi aliagiza wana wa Yuda wafundishwe, nao ukaandikwa katika kitabu cha Yashari, ambacho hakikutufikia.

Kwa hiyo kumwita marehemu kwa majina yake katika kilio si kuita pepo. Lakini tazama jambo ambalo Daudi halifanyi: hamwombi Yonathani chochote, si ushindi wala ulinzi. Hapo ndipo mpaka ulipo. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, ambalo sisi Wapresbiteri tunalishika, linafundisha katika sura ya 21 kwamba ibada ni ya Mungu peke yake, wala si ya kiumbe chochote, na kwamba mpatanishi ni Kristo tu. Shangazi alipomwomba nyanya uzazi, alivuka. Nimekaa katika vilio vingi ambapo maneno hayo yalitoka, na ninajua jinsi machozi yanavyoyasukuma; hata hivyo, mwanamke anayetafuta mtoto akielekezwa kwa marehemu ameelekezwa kwa mtu asiye na cha kumpa, naye Hana, mama yake Samweli, alijua ni kwa nani alipaswa kulia.

Sura hiyohiyo inanifanya nisikubali kasala ndani ya ibada ya mazishi, hata ile isiyo na ombi lolote, kwa kuwa katika ibada hatuna ruhusa ya kuongeza tusichoamriwa. Uani chini ya turubai ni mahali pengine. Najua wapo wachungaji wenzangu watakaoniona mgumu kwa hili, na wengine watakaoniona nimelegea kwa lile la kwanza.

Kuhusu daftari nina neno zaidi. Wamisionari Samuel Lapsley na William Sheppard walipofika Luebo, kule Kasai, mwaka 1891, na William Morrison aliyewafuata akachapisha sarufi na kamusi ya Tshiluba mwaka 1906, injili ilihubiriwa kwa maneno yaliyokuwa vinywani mwa wazee wetu, yakiwemo maneno ya kusifu. Mwaka 1974, hapahapa Lubumbashi, Clémentine Nzuji alichapisha kitabu kizima cha utafiti juu ya kasala. Lakini kasala ya nyanya yako haimo katika kitabu chochote. Tangu reli ya kutoka hapa ilipofika Ilebo, kule Kasai, mwaka 1928, watu wengi wa Kasai walipanda gari la moshi kuja Katanga kutafuta kazi, na wajukuu wao leo wanaota ndoto kwa Kiswahili. Watoto wako wakitaka kujua nkambo wao, yaani bibi yao mkuu, alikuwa nani, daftari hilo lenye matone ya nta ndilo litakalowajibu.

Liandike upya kwa kalamu nzuri, Tshiluba upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Maneno ya ombi usiyafute, maana ndiyo yaliyosemwa. Andika pembeni kwamba sisi hatuombi hivyo, na kwa nini. Mdogo wako mwonyeshe wimbo wa Daudi, msome pamoja polepole, na bidii yake ya kumcha Mungu usiidharau, ila amwombe shangazi radhi kwa kumkatiza mbele ya waombolezaji. Wewe nenda kwa shangazi mapema, wakati sauti yake bado ipo. Zungumza naye kwa heshima juu ya lile ombi, kisha umwulize ule mstari wa mto unaishiaje.