Anzeni na ugomvi wenu, bango baadaye
Mkuu, umeuliza mtaandikaje kusudi na maadili ya timu yenu ya watu tisa yasiishie ukutani. Sisi tunauza dagaa kwa jumla hapa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Tulikaa tukajiuliza: mara ya mwisho tuligombana kwa nini? Ilikuwa mvua. Mwenzetu alichanganya dagaa waliolowa na wakavu ili gunia lijae, mteja akarudisha mzigo wote. Hapo tukapata adili la kwanza: dagaa waliolowa wanauzwa kama chakula cha kuku, hata kama bei inauma. Tungeandika "uadilifu" tu, kila mtu angeitikia huku anasinzia. Kusudi lenyewe ni sentensi moja: mteja afungue gunia bila wasiwasi. Maadili matatu yanatosha. Halafu bosi aongee wa mwisho, la sivyo mtaandika yake.