Kabla ya kasoko ya kimondo, ijue granaiti ya Nzega

Wadogo zangu wa Tabora wanaoniandikia kuhusu vimondo hawakosi kuambatanisha picha ya setilaiti iliyozungushiwa duara jekundu: "Kaka, hili si shimo la kimondo?" Mara nyingi ni mbuga iliyokauka, au lambo la ng'ombe. Umbo la mduara halithibitishi kitu. Mwadui kulikuwa na kasoko kweli, yaani shimo la duara, ila ni ya kimbalaiti, volkano iliyotuletea almasi kutoka chini. Kimondo cha Mbozi nacho, tani zote 16, hakina shimo.

Ushahidi umo ndani ya mwamba, na mara nyingi kuufikia ni mpaka uchoronge. Kwa hiyo anza kwa kutafuta kibarua kwenye utafiti wa dhahabu, Nzega au Igunga, uoshe miamba choronge, yaani vipande virefu vya mwamba vinavyotolewa na mashine ya kuchoronga. Watakucheka, mtu na digrii yako unashika ndoo na brashi. Waache wacheke. Mwamba mkavu ni kijivu kitupu. Ukiumwagia maji, mishipa na nyufa zinajitokeza. Kagua vibao vinavyoonyesha kina kwenye trei ya mwamba. Kibao kinakwambia zimechorongwa mita 3, futikamba yako inasoma 2.6: andika pengo hilo, usitawanye vipande ili trei ionekane imejaa. Kilichopotea aghalabu ndicho kilichokuwa kimevunjikavunjika, na mtu wa kasoko anakitafuta hichohicho.

Granaiti ya kwetu ukiigonga nyundo inalia. Izoee hadi uichoke. Mwaka 2016 wanasayansi walichoronga kasoko ya Chicxulub, Meksiko, iliyotokana na pigo la miaka milioni 66 iliyopita, wakatoa mwamba kuanzia mita 506 hadi 1,335 chini ya sakafu ya bahari. Chini ya mawe yaliyoyeyuka na kusagika walikuta granaiti iliyoinuliwa kutoka kilomita kadhaa ardhini, nyepesi na yenye vitundu vidogo vingi kuliko granaiti ya kawaida. Sasa kama hujawahi kushika granaiti nzima, hii utaishangaa kwa lipi?

Mawe ya vipandevipande peke yake yasikudanganye, kimbalaiti nayo inayo. Kata kipande, kisage hadi unene wa milimita 0.03, kiweke chini ya hadubini. Punje za kwazi, madini yaliyomo ndani ya granaiti, zilizopigwa na kimondo huwa na mistari myembamba sana iliyonyooka sambamba, mara nyingine seti mbili tatu zikikatana. Volkano haina nguvu ya kuchora hivyo. Kukuta kimondo chenyewe ni bahati ya Morokweng, Afrika Kusini, ambako kipande cha sentimita 25 kilitoka kwenye mwamba choronge wa mita zipatazo 770 chini. Usikisubiri.

Vifaa? Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, futikamba, makapeni isiyofutika kwa maji. Hadubini utaomba chuoni.