Kabla ya wino kukutana na mafuta

Wadogo zangu wa studio, juzi nimeona tena kanvasi yenye ua la mcheri kwenye kona, jua jekundu na sahihi iliyoandikwa wima. Mwenyewe anasema amechanganya Magharibi na Japani. Hapana, mdogo wangu, umebandika. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Msomeni Foujita, mchoraji wa Japani, kupitia mikono yake, achaneni na zile nywele zake za kwenye paji la uso na miwani ya duara. Tsuguharu Foujita alifika Paris mwaka 1913 akiwa tayari amesomea rangi ya mafuta Tokyo. Kilichompa jina miaka ya 1920 ni ile ngozi nyeupe kama maziwa, na juu yake mstari mweusi mwembamba wa wino. Wino wa maji juu ya mafuta! Hapo ndipo mnapoanguka wote, nami nilianguka.

Mama mmoja aliniagiza picha ya marehemu binti yake. Nikalaza nyeupe, ikakauka ikiwa inang'aa, nikashusha mstari wa shavu. Wino ukajikusanya matone. Badala ya kuuliza uso wa kanvasi una nini, nikakoleza wino na kurudia mpaka ukashika, nikakabidhi kazi. Baadaye akaniita. Mstari ulikuwa unabanduka, na vile vigamba alikuwa ameviokota na kuviweka kwenye bahasha, kwa sababu kwake vilikuwa sehemu ya mwanawe. Hela nilimrudishia. Alichonihitaji nacho hakikuwa hela, na sikuwa na kingine cha kumpa.

Foujita alikuwa akiilinda sana siri ya nyeupe yake. Wachunguzi waliipata baadaye: talki, poda laini inayoua mng'ao wa mafuta na kuupa wino pa kushika. Kwa hiyo jaribuni tone la maji pembeni ya kanvasi kwanza. Likikimbia, msichore.

2. Brashi ya wino isiguse tapentaini, kile kiyeyusho cha rangi ya mafuta, kamwe.

3. Mnaopiga muziki, wenu ni Toru Takemitsu, mtunzi wa Japani. Alikuwa kijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa miaka mingi aliukwepa muziki wa jadi wa Japani kwa kuwa ulimrudishia vita ile, akampenda Debussy, mtunzi wa Kifaransa. Muziki wa tamthilia ya vikaragosi, bunraku, ndio uliomgeuza. Mwaka 1967 New York Philharmonic, ikiongozwa na Seiji Ozawa, ilipiga kwa mara ya kwanza "November Steps" yake, biwa, ala ya nyuzi ya Japani, na shakuhachi, filimbi ya mwanzi, zikiwa mbele ya okestra. Hakuzilainisha ala hizo zifanane na fidla. Kuna sehemu ndefu ambapo okestra inanyamaza kabisa, mnasikia hewa ikikwaruza ndani ya mwanzi na kipigio kipana kikigonga nyuzi za biwa. Nyie mnachukua shakuhachi ya kwenye kinanda cha umeme mnaipachika juu ya biti, halafu mnaniuliza kwa nini haina uhai.

Sikilizeni sehemu hiyo yote, simu zikiwa zimezimwa, kisha mje tuongee.