Mshipa wa utumbo umechanika, mbona hawampasui?

SWALI: Daktari, salaam. Mume wangu ana miaka 52, ni dereva wa lori na anavuta sigara. Juzi usiku tumbo lilimkamata ghafla, akajikunja sakafuni. Zahanati ya hapa ilimpa dawa ya vidonda vya tumbo. Kampala wakampiga picha ya CT, wakasema mshipa unaopeleka damu kwenye utumbo umechanika kwa ndani. Amewekewa dripu, amekatazwa kula, na upasuaji hautajwi. Mashemeji wanasema ametelekezwa kwa kuwa hatuna pesa. Tumhamishe?
Mama Watoto, Malaba

JIBU: Pole sana, dada yangu. Kwa ulivyoeleza, hajatelekezwa. Huko kulala bila kula ndiko kutibiwa kwenyewe.

Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, una matabaka matatu. La ndani likichanika, damu hupenya katikati ya ukuta, ukuta unavimba na kuibana njia. Ateri iliyochanika kwa mumeo ndiyo inayolisha karibu utumbo mdogo wote na sehemu kubwa ya utumbo mpana. Chakula kikishuka, utumbo hudai damu zaidi, nayo haipiti. Kwa hiyo uji mnaompelekea kwenye chupa ya chai, mrudi nao mpaka daktari aruhusu. Dripu inampa maji, presha inashushwa ili mchaniko usiendelee, maumivu yanatulizwa. Wengine huongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Wagonjwa wengi hupona hivyo, bila kisu.

Zahanati nayo msiilaumu sana. Ugonjwa huu ni nadra, na mwanzoni tumbo huweza kuwa laini ukiligusa huku mgonjwa analia. Hata ultrasaundi huweza kuukosa. Unaonekana vizuri kwa CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani.

Ila kaeni macho. Maumivu yakirudi kwa nguvu, tumbo likivimba na kukaza, akitoa kinyesi chenye damu, akipata homa au akizimia, mwiteni daktari papo hapo, hata saa nane usiku. Huenda utumbo umekosa damu au mshipa umepasuka, na hapo ndipo huwekwa stenti, yaani kijibomba cha kuupanua mshipa, au hufanyiwa upasuaji.

Akiruhusiwa, dawa za presha ni kila siku na sigara basi kabisa. Safari za lori asubiri kauli ya daktari. Picha ya CT itarudiwa, kwa hiyo kabla hajatoka iombeni ya kwanza kwenye CD, ilinganishwe na hiyo mpya.