Akriliki si rangi ya mafuta inayokauka haraka

Swali: Nimechora kwa rangi za mafuta miaka 12. Harufu ya tapentaini imenishinda, kwa hiyo nimerudi kwenye akriliki nilizoanzia. Shida ni anga: nikilainisha mpito wa rangi, inakauka kabla sijafika upande wa pili wa turubai. Nimeshauriwa nitie matone ya glisirini, na wengine wanasema mafuta kidogo ya kitani au sabuni ya vyombo. Pia nina picha nne za mafuta ambazo sikuzimalizia. Zina miaka mitatu na zimekauka kabisa. Naweza kuzimalizia kwa akriliki?

Jibu: Nianze na hizo picha nne, maana ndizo unazoweza kuziharibu bila njia ya kurudi. Usizipake akriliki, hata kama zimekauka kiasi gani.

Neno "kukauka" ndilo linalowaponza wengi. Mafuta ya kitani, yaliyomo ndani ya rangi za mafuta, hayakauki kwa kupoteza maji kama nguo kambani. Yanavuta oksijeni na kugeuka kidogo kidogo kuwa kigumu, na mabadiliko hayo huendelea ndani ya rangi miaka mingi baada ya uso kuwa mkavu. Akriliki ni kitu kingine kabisa: chembechembe za plastiki zinazoelea majini. Maji yakiondoka, chembe zinasogeleana, zinabanana, zinaungana kuwa utando mmoja. Utando huo unahitaji pa kushika, yaani vinyweleo vya praima (tabaka la kwanza la kuandaa turubai) au nyuzi za kitambaa. Uso wa rangi ya mafuta umeziba na una utelezi, kwa hiyo akriliki inaukalia tu bila kuushika, kama plasta kwenye ngozi yenye jasho. Siku ya kwanza utaapa kwamba imeshika. Bandika selotepu, uivute ghafla, uone: inaweza kutoka ngozi nzima, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kupiga msasa kwanza, jambo ambalo kila mjuaji hulitaja, kunachelewesha kubanduka, hakukuzuii.

Njia ya kinyume inakubalika. Unaweza kuanza picha kwa akriliki nyembamba isiyong'aa, uiache ikauke vizuri, kisha umalizie kwa mafuta. Nadhani watu husikia kwamba rangi hizi mbili "zinakaa pamoja" na kusahau ipi inatangulia. Picha zako nne zimalizie kwa mafuta. Tapentaini si lazima: zipo rangi za mafuta zinazochanganyika na maji, na hizo zinashika juu ya mafuta ya kawaida. Hata kwa zile ulizonazo, brashi unaweza kuziosha kwa mafuta ya kupikia, ukamalizia na sabuni mpaka povu litoke jeupe.

Sasa glisirini. Ushauri huu unarudi kila mara, na anayeutoa huwa hajawahi kuigusa picha yake mwaka mmoja baadaye. Ni kweli glisirini inachelewesha ukaukaji, kwa sababu inashikilia maji. Lakini yenyewe haiondoki pamoja na hayo maji. Inabaki ndani ya utando na kuendelea kuvuta unyevu wa hewani, na uso unakuwa unanata. Vumbi linaganda juu yake, na ukiegemeza picha mbili uso kwa uso zinashikana. Sabuni ya vyombo ni balaa la namna yake. Akriliki imetengenezwa tayari ikiwa na viini vya sabuni kwa kipimo maalumu, na ukiongeza vingine utando unakuwa dhaifu kwa maji: kitambaa chenye unyevu kinaweza kuondoka na rangi. Mafuta ya kitani hayahitaji maelezo marefu. Hayaungani na maji, yanajitenga kuwa vitone ndani ya rangi, na popote palipo na kitone utando una tundu.

Ukitaka kuchelewesha, nunua kicheleweshaji kilichotengenezwa kwa ajili ya akriliki, na usivuke kipimo cha lebo. Kwa kawaida sehemu 1 kwa 10 za rangi inatosha. Ukizidisha, utaishia kwenye kunata kule kule. Au nunua akriliki zilizoundwa kukauka polepole.

Lakini hata hizo si dawa ya anga yako, kwa sababu bado unaichora kimafuta. Kwenye mafuta mpito unatengenezwa kwa kusugua rangi mbichi mpaka zifanane. Kwenye akriliki unatengenezwa kwa matabaka. Changanya toni zako zote kabla ya kugusa turubai, mara mbili ya unachodhani utahitaji, kila moja kwenye kikopo chenye kifuniko. Kuchanganya upya katikati ya kazi hakufanani kamwe, kwani akriliki mbichi ina weupe wa maziwa unaopotea ikikauka, na rangi inakuwa imekoza zaidi ya ulivyoiona. Rangi ya kutumia sasa hivi iweke juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye kitambaa chenye maji. Chukua brashi ya nyuzi za sintetiki, pana ya sentimita 5 hivi. Zile za manyoya magumu ulizozoea hunywa maji na kulegea. Paka tabaka jembamba la midiamu (gundi ya akriliki isiyotiwa rangi), kisha toni zako zikiwa zinagusana, na uziunganishe kwa mipigo michache ya kulala.

Brashi ikianza kukwama, acha. Hapo ndipo mkono wa mafuta unapokusaliti: unarudia mara moja tu "kurekebisha", na ngozi iliyokwisha kushika inachanika vipande vipande. Subiri ikauke kabisa, kisha pitisha tabaka linalopenya mwanga, rangi sehemu 1 kwa midiamu sehemu 8 hivi, mara tatu au nne. Kupunguza kwa maji, usivuke kiasi sawa na rangi. Zaidi ya hapo tumia midiamu, la sivyo rangi inabaki na gundi kidogo na kufutika. Chumba kikiwa chini ya nyuzi joto 10 hivi za Selsiasi usichore, chembe hazitaungana sawasawa na utando utapasuka.

Maelekezo haya ya mkato yana tabia moja: hurekodiwa na kusifiwa rangi ikiwa bado mbichi. Anayekuja kuona unato na magamba ni mnunuzi, miezi kadhaa baadaye, ukutani kwake. Ukiuza picha, hilo ni deni lako. Kuwa mwangalifu pia na maturubai yaliyotumika ambayo watu hufunika kwa praima nyeupe na kuyapaka akriliki bila kujua chini kuna nini. Kabla ya kuyafunika, loweka pamba kwenye spiriti, isugue kwenye kona kwa nusu dakika. Akriliki hulainika, hunata, na huacha rangi kwenye pamba. Rangi ya mafuta ya zamani kwa kawaida haitikisiki. Pamba ikitoka safi, turubai hilo liachie mafuta.